Giaboksi ya Auto ya Mtumba Inasumbua: Tafuta Tatizo Kabla ya Kuishusha Tena

Fundi ameshusha giaboksi iliyokufa, amepandisha ya mtumba uliyoinunua kwa pesa nzuri, gari limewashwa, na shida bado ipo. Gia ya nyuma inachelewa kuingia, au ya pili inateleza, au taa ya O/D OFF (O/D ni overdrive, yaani gia ya nne) inawaka na kuzimika kwenye dashibodi. Hukumu hutolewa papo hapo: hii nayo mbovu, irudishwe dukani. Huenda ni kweli. Lakini giaboksi ya auto inategemea oili yake, kebo ya throto, waya, kontroli boksi (kompyuta inayoamuru gia), rejeta na injini yenyewe. Vingi kati ya hivyo havikubadilishwa. Ni vilevile vya zamani, na pengine kimojawapo ndicho kilichoiua giaboksi ya kwanza.

Hapa nitatumia familia ya Toyota A340, giaboksi ya gia nne iliyotengenezwa na Aisin, inayopatikana kwenye Hilux Surf, Mark II, Crown na nyingine nyingi zilizokuja kutoka Japani. A340E ni ya gari la kuvuta nyuma, A340F ni ya gari la kuvuta magurudumu yote manne. Nyingi zina solenoidi (vali ndogo za umeme zinazoelekeza oili) tatu tu, na anayeielewa hii hatapata taabu na nyingi za zama zake. Mwenye CVT (auto isiyo na gia za hatua) anaweza kufuata sehemu za oili, rejeta na usomaji wa makosa kwa mashine, lakini vipimo vya gia vilivyomo humu havimhusu.

Kama bado haijafungwa

Muulize muuzaji garantii inaanza lini: siku unayolipa au siku giaboksi inapofungwa? Uwe Ilala au Gerezani pale Dar es Salaam, Kirinyaga Road Nairobi, au Kisekka Kampala, swali hili lina thamani kuliko kupunguziwa bei. Kama inaanza siku ya malipo, usinunue kabla fundi hajawa tayari kufunga.

Soma kibati kilicho kwenye chumba cha injini, mstari wa TRANS/AXLE. Namba ya aina ya giaboksi iko hapo. Kufanana kwa umbo hakutoshi. Linganisha pia soketi za umeme: idadi ya pini, umbo la soketi, mahali sensa zilipo. Soketi ikikataa, fundi atakata waya na kuunga, na hapo ndipo matatizo ya ajabu huzaliwa. Nitayaeleza mbele.

Kisha omba sampo (beseni la oili lililo chini ya giaboksi) ifunguliwe mbele ya muuzaji, kwa sababu ukiifungua gereji kwako anaweza kusema umeichokonoa. Ndani kuna sumaku ndogo. Ukikuta uji laini wa kijivu umeishika, huo ni uchakavu wa kawaida. Ukikuta vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa kucha, chenga za shaba, au masizi meusi yenye harufu ya kuungua yaliyojaa chini ya sampo, iache. Muuzaji akikataa kabisa kufungua, vuta dipstiki au mimina oili kidogo kwenye karatasi ya chooni nyeupe: iangalie, inuse. Piga picha ya namba na ya alama ya rangi anayoiweka muuzaji, maana bila hiyo hamtakubaliana ni ipi iliyouzwa.

Oili kwanza

Oili ya giaboksi, ambayo mafundi wengi huiita haidroliki, si ya kulainisha tu. Ndiyo inayosukuma klachi zishikane. Ikipungua, presha inapungua, pleti za klachi zinateleza, joto linapanda, na giaboksi nzima inaweza kuungua ndani ya safari moja.

Pima hivi. Gari liwe mahali tambarare, limeshatembea mpaka oili imefika nyuzi joto 70 hadi 80. Injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta) na mguu ukiwa kwenye breki, pitisha mkono wa gia kutoka P mpaka L, ukituama kidogo kila hatua, kisha rudi P. Bila kuzima injini, vuta dipstiki, futa, rudisha, vuta tena. Oili iwe ndani ya alama ya HOT. Alama ya COOL ni ya kukuongoza wakati wa kujaza tu. Kwa Honda nyingi utaratibu ni kinyume, injini huzimwa kwanza, na fundi aliyezoea Toyota hukosea hapo.

Giaboksi iliyokuja kavu, na konveta yake (kile chungu cha oili kati ya injini na giaboksi) kavu, hunywa oili nyingi kuliko ile unayomwaga ukifungua nati ya sampo. Kwa A340 nati ile hutoa takribani lita 2 tu, ilhali jumla ni zaidi ya mara tatu ya hapo. Kwa hiyo fundi akijaza mpaka dipstiki ionyeshe sawa injini ikiwa imezimwa, mara injini inapowaka konveta inavuta oili na kiwango kinashuka vibaya. Jaza lita kadhaa, washa, pitisha gia, pima, ongeza. Endelea hivyo kidogo kidogo. Ikizidi nayo ni tatizo: inapigwapigwa na kuwa povu, povu halina presha, na nyingine inatoka juu kwenye kipumulio na kukufanya udhani sili imekufa.

Aina ya oili mara nyingi imeandikwa kwenye dipstiki yenyewe. A340 za mwanzo hutumia Dexron II au III, nyingine zilizofuata T-IV. WS ni nyepesi zaidi na ni ya giaboksi mpya. "Zote ni nyekundu" si sababu ya kuzichanganya. Na kwenye baadhi ya giaboksi za zamani za gari la kuvuta mbele, kama A140E, difu ina chumba chake chenye oili yake, na wengi huisahau.

Oili ikiwa ya kahawia na ina harufu ya kuungua siku chache baada ya kufungwa, endelea na vipimo, lakini ujue huenda pleti zimeshaumia. Ikiwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa rangi ya waridi, simamisha kila kitu na uruke hadi sehemu ya rejeta.

Kebo ya throto

Kama ningeruhusiwa kukagua kitu kimoja tu baada ya oili, kingekuwa hiki. A340 ina kebo inayotoka kwenye throto ya injini, au kwenye pampu ya dizeli, kwenda giaboksi. Wengi hudhani kazi yake ni kushusha gia tu ukikanyaga mafuta. Kazi yake hasa ni kuiambia giaboksi iongeze presha kadiri injini inavyovuta. Ikilegea, gia zinaingia kwa ulaini wa kupendeza huku pleti zikiteleza na kuungua polepole. Ikikazwa mno, kila gia inaingia kwa kishindo.

Injini ikiwa imezimwa, mtu akanyage kikanyagio cha mafuta mpaka sakafuni. Angalia kwanza kama throto inafunguka yote kweli, maana kapeti nene chini ya mguu huizuia. Throto ikiwa wazi kabisa, tazama mwisho wa ala ya raba ya kebo na kile kishikizo kidogo cha chuma kilichobanwa kwenye waya wake. Nafasi kati yao iwe milimita 0 hadi 1. Isipokuwa hivyo, legeza nati mbili za kebo na urekebishe.

Giaboksi za mtumba mara nyingi hufika kebo ikiwa imekatwa, au kile kishikizo kimesogezwa na mtu wa kabla yako, na kipimo hicho kinapoteza maana. Kubadilisha kebo kunahitaji sampo ishuke, kwa hiyo wasiopenda taabu huifunga pembeni kwa waya wa baindingi na kukukabidhi gari. Gari litatembea. Haliwezi kudumu.

Ukiwa hapohapo, kagua mkono wa gia. Tenganisha fimbo yake kule chini, sukuma mkono wa giaboksi hadi mwisho upande wa P, rudisha hatua mbili ufike N, weka mkono wa ndani ya gari kwenye N, ndipo ufunge. Ukiwa umepishana hata nusu hatua, mlango wa oili ndani ya giaboksi unafunguka nusu, na gari litateleza kwenye D ilhali pleti ni nzima.

Soma taa ya O/D OFF

Kontroli boksi ikiona solenoidi au sensa ya spidi ina hitilafu ya umeme, hukumbuka. Lakini si kila hitilafu huifanya taa iwake yenyewe, kwa hiyo soma hata kama dashibodi iko kimya.

Kwenye Toyota za kabla ya soketi ya pini 16, tafuta kisanduku kidogo kilichoandikwa DIAGNOSTIC kwenye chumba cha injini. Swichi ya O/D iwe imebonyezwa ili taa izime, funguo iwe ON bila kuwasha injini, kisha unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya. Kwenye soketi ya pini 16 ni TC na CG, pini ya 13 na ya 4. Hesabu pini mara mbili kabla ya kuchomeka waya.

Taa ikimulika kwa haraka mfululizo, hakuna kosa lililohifadhiwa. Vinginevyo inamulika namba: makumi kwanza, pumziko, kisha mamoja. 42 ni sensa ya spidi namba 1, 61 ni sensa ya spidi namba 2 iliyo kwenye giaboksi, 62 na 63 ni solenoidi za gia namba 1 na 2, 64 ni solenoidi ya lokapu (klachi inayoifunga konveta isiteleze). Ukishamaliza, chomoa fyuzi ya EFI kwa dakika moja ili kufuta, endesha, usome tena. Kosa linalorudi ndilo la kulifuatilia.

Ukipata 62, 63 au 64, usikimbilie kununua solenoidi. Chukua multimita, chomoa soketi ya giaboksi, pima kila pini ya solenoidi hadi kwenye bodi ya giaboksi. Inatakiwa omu 11 hadi 15. Kisha pima tena kutokea kwenye soketi ya kontroli boksi. Kule juu ikisoma tofauti na chini, solenoidi ni nzima na waya ndio umekatika katikati. Panya, maji, na waya uliobanwa kati ya giaboksi na bodi siku ya kufunga ndio watuhumiwa wangu wa kawaida.

Solenoidi isiyotoa kosa

Solenoidi inaweza kusoma omu 13 safi na bado isifanye kazi, kwa sababu imekwama kwa uchafu. Kontroli boksi haioni hilo. Ndiyo maana ni muhimu kujua mpangilio wake. Ziite S1 na S2:

Gia ya kwanza: S1 ina umeme, S2 haina.
Gia ya pili: zote zina umeme.
Gia ya tatu: S1 haina, S2 ina.
Gia ya nne: zote hazina.

Sasa fikiria S2 imekufa. Kontroli boksi inaagiza ya pili, giaboksi inabaki kwenye ya kwanza. Inaagiza ya tatu, inapata ya nne. Dereva anaona gari linalia kwenye ya kwanza mpaka masikio yanauma, kisha linaruka na kulegea ghafla. Fundi anasema gia ya pili na ya tatu zimekatika. Hazijakatika. Ni solenoidi moja, na inafikiwa kwa kushusha sampo tu.

S1 ikifa, gari linaanza safari na gia ya nne. Kuondoka ni kwa kuvutwa kama lori lililozidishiwa mzigo, lakini likishachanganya linakwenda vizuri. Hapa wengi hulaumu injini au konveta.

Na pale fundi alipokata soketi na kuunga waya? Akigeuza waya wa S1 na S2, gari linaondoka na ya tatu, linakwenda ya pili, kisha ya kwanza, halafu ya nne. Pale linapotakiwa kuingia ya tatu, RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) inaruka juu kama mtu ameweka N. Hakuna kosa litakalohifadhiwa, kwa sababu omu zote ziko sawa. Ukikutana na mpangilio wa gia usioeleweka kabisa kwenye giaboksi iliyofungwa jana, anza na viungo vya waya.

Chomoa soketi, badilisha gia kwa mkono

Hiki ndicho kipimo kinachotenganisha umeme na mitambo, hakigharimu kitu, na sijui kwa nini hakifanywi kila gereji. Chomoa soketi ya solenoidi kwenye giaboksi. Sasa kontroli boksi haina la kusema, na mkono wa gia ndio unaotawala: L inakupa gia ya kwanza, 2 inakupa ya tatu, na D inakupa ya nne.

Tafuta barabara isiyo na watu. Anza na L, ikichanganya peleka 2, kisha D. Usirudi L ukiwa na mwendo, kwa sababu kinga ya umeme haipo. Shuka chini ya kilomita 20 kwa saa kwanza. Jaribu na R pia.

Gari likishika vizuri katika hatua zote tatu na R, bila kuteleza, basi klachi zinazotumika humo, pampu na konveta vinafanya kazi. Shida yako iko kwenye solenoidi, waya, sensa, swichi ya gia iliyo ubavuni mwa giaboksi, au kontroli boksi. Giaboksi haishuki. Likiteleza vilevile kama mwanzo, na oili na kebo umeshathibitisha, basi shida iko ndani. Rudisha soketi na ufute makosa, maana kuichomoa kumeandika mapya.

Inateleza kwenye gia ipi?

Kama shida ni ya ndani, gia inayosumbua inaonyesha pleti zilizoumia, na hilo litakusaidia kubishana na muuzaji au kukadiria gharama.

Ya tatu na ya nyuma hutumia klachi moja kwa pamoja, ile inayoitwa C2. Zikiteleza zote mbili huku ya kwanza na ya pili zikishika, hiyo ndiyo. Gia za mbele zote zikiteleza na nyuma ni nzima, ni klachi ya mbele, C1. Ya nne pekee ikikosekana, tazama breki ya O/D iliyo ndani ya giaboksi, lakini subiri kidogo usome aya mbili zijazo. Gari likikataa kuondoka kwenye D lakini likaondoka vizuri kwenye L, klachi ya upande mmoja (inayozuia mzunguko wa upande mmoja tu) ya gia ya kwanza imechoka.

Nyuma pekee ikisumbua, fanya hivi: endesha kwenye L kama kilomita 20 kwa saa, kisha achia mafuta. Gari likivutwa na injini na kupungua mwendo, breki ya kwanza-na-nyuma ni nzima, kwa hiyo mshukiwa ni C2. Likitiririka tu, breki hiyo ndiyo imekufa.

Kuhusu ya nne na lokapu. Kontroli boksi hairuhusu O/D wala lokapu injini ikiwa ya baridi. Huku kwetu themostati hutolewa na kutupwa, eti gari lisichemshe. Matokeo yake ni injini isiyofikia joto lake barabara kuu, hasa Njombe, Mbeya au Limuru asubuhi, na giaboksi inayokaa ya tatu safari nzima ikinywa mafuta. Weka themostati kabla ya kugusa kingine. Hakikisha pia taa za breki zinazima ukiachia breki, kwa sababu swichi ya breki iliyokwama inazuia lokapu.

Ukichanganya kutoka kusimama hadi kilomita 80 kwa saa kwenye tambarare, hesabu RPM inavyoshuka: mara tatu kwa gia, na mara ya nne kidogo tu, mia kadhaa, hiyo ndiyo lokapu. Gusa breki kidogo bila kupunguza mwendo. RPM ikipanda, lokapu ilikuwa imeshika. Njia hiyohiyo inatofautisha mtetemo: ukigusa breki na mtetemo ukakoma mara moja, ni lokapu au oili. Ukiendelea, kagua plagi na koili za injini.

Kukanyaga mafuta huku breki imeshikwa

Kipimo hiki kina nguvu na kinaweza kuua giaboksi dhaifu, kwa hiyo sikipendi kwa gari ambalo tayari linaonyesha wazi kuwa linateleza. Kwa linalotia shaka, kifanye mara moja. Oili iwe ya moto, magurudumu yote yawekewe vigogo, handibreki ivutwe, mguu wa kushoto ubane breki kwa nguvu, na mtu yeyote asisimame mbele wala nyuma ya gari. Weka D, kanyaga mafuta yote, soma RPM inapogota, achia. Yote isizidi sekunde 5. Weka N, acha injini sailensa dakika moja ipoe, kisha rudia kwa R.

Kila injini ina kiwango chake kwenye kitabu. Kwa nyingi za petroli za aina hii ni kati ya 2000 na 2700. RPM ikizidi kwenye D na R zote, presha ni ndogo: rudi kwenye oili, kebo, chujio lililoziba. Ikizidi kwenye D tu, mshukiwa ni C1 au klachi ya upande mmoja ya gia ya kwanza. Kwenye R tu, C2 au breki ya nyuma. Ikiwa chini ya kiwango kote, injini ni dhaifu. Ikiwa chini sana, kwa zaidi ya 600, na injini ni nzima, konveta ndiyo mbovu.

Kipimo cha upole zaidi ni saa ya mkononi. Sailensa, handibreki, toa N weka D: gari lijikaze ndani ya sekunde 1.2. N kwenda R, ndani ya 1.5. Rudia mara tatu ukipumzika dakika moja katikati.

Makosa ya siku ya kufunga

Konveta inakaa kwa hatua tatu: meno ya shafti, meno ya stata, na masikio ya pampu ya oili. Ukiisukuma huku ukiizungusha utasikia ikidondoka mara tatu. Fundi akiridhika na mara mbili, kisha akavuta giaboksi kwa bolti hadi ikutane na injini, anaivunja pampu hata kabla gari halijawashwa. Dalili yake ni giaboksi isiyo na gia yoyote, mbele wala nyuma, pengine na mlio wa kusaga. Njia ya kuzuia: giaboksi ikishagusana na injini, konveta izunguke huru kwa mkono kabla ya kufungwa kwenye flaiwili. Isipozunguka, toeni. Ikishavunjika pampu, usitegemee garantii.

Mlio wa kugonga sailensa, unaobadilika ukiweka D, husemwa ni injini imegonga. Kagua kwanza ile flaiwili nyembamba ya auto, hupata ufa kuzunguka bolti zake, na bolti za konveta zenyewe zikilegea hutoa mlio huohuo.

Rejeta

Oili ya giaboksi hupita kwenye rejeta ikapozwe. Giaboksi ya kwanza ilipokufa, taka zake zilikwama humo na kwenye mabomba. Ukifunga nyingine bila kusafisha, inazimeza. Chomoa mabomba yote mawili, pitisha dawa ya kusafishia na upepo wa kompresa kwa upande wa kinyume mpaka itoke safi. Kisha anza na oili mpya, ukiwa umeelekeza bomba la kurudi kwenye ndoo kwa sekunde chache huku mwenzako akiongeza oili juu: utaona inatoka kwa nguvu au inachuruzika. Ikichuruzika, kuna kizuizi.

Ile rangi ya maziwa ya waridi ina maana rejeta imetoboka ndani na maji yamechanganyika na oili. Maji hulegeza gundi inayoshika ngozi ya pleti. Badilisha rejeta, na kama gari limetembea hivyo kwa siku kadhaa, kubadili oili hakutaiokoa giaboksi.

Kuirudisha au kuitengeneza

Shida ikiwa ni solenoidi iliyokwama, usiirudishe. Shusha sampo, badilisha solenoidi, osha chujio lake la wavu wa chuma, weka gasketi mpya. Ila mwarifu muuzaji kabla ya kufungua, kwa maandishi ya simu yatakayobaki.

Ikiwa ni pleti, mpelekee vipimo: RPM ya D na R, sekunde za kuingia gia, matokeo ya kuchomoa soketi, picha ya oili. Mwambie inateleza ya tatu na ya nyuma, wala usiseme "ni mbovu" tu, kwa sababu neno hilo analisikia kila siku na jibu lake analo. Akikubali kubadilisha, dai na konveta nyingine, kwani ile ya kwanza imeshajaa masizi ya pleti na haisafishiki kwa kumwaga. Safisha rejeta upya.

Ikishashika, mwaga oili ya sampo baada ya kilomita elfu moja hivi, ujaze mpya ya aina ileile, na uangalie sumaku.